Utumbo wa Huseni Mabati

Habari kwamba Huseni Mabati angewekewa utumbo wa nguruwe zilifika msikitini kabla hazijafika kitandani kwake. Yeye alikuwa wodini, amejifunika blanketi la hospitali na koti lake mwenyewe juu, kwa sababu baridi ya Juni pale Sumbawanga haibagui mgonjwa na mzima, akisubiri kupasuliwa siku ya Alhamisi. Huko mjini, watu ambao hawakuwahi kuulizia mkojo wake hata mara moja sasa walikuwa wanaujadili kwenye kahawa, kwenye maduka ya simu na kwenye foleni ya benki, kwa masikitiko makubwa na kwa ufasaha ambao hawakuwa nao kwenye mambo mengine.

Huseni alikuwa mtu wa heshima zake. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko kuu, mabati, mabomba na koki, na Fuso mbili zilizoshuka Muze kuleta mpunga. Muze ndiko alikozaliwa, na huko aliogelea kwenye mifereji ya mashamba na wenzake wote, na kichocho wakakipata wote. Wavulana wa enzi zile waliona damu kwenye mkojo wakadhani ndiyo kukua. Ilipomrudia akiwa na mvi aliificha kwa bidii, mpaka mkewe Zaitun alipoiona kwenye shuka.

Jumatatu alikuwa ameelezwa kila kitu. Daktari bingwa aliitwa Baltazari, mtoto wa kijiji cha Mwazye aliyesoma akapotelea kwenye miji mikubwa. Sasa alikuwa amekuja na wenzake kwa juma moja la upasuaji, na Jumamosi wangeondoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha Huseni bila kukaribishwa.

"Mzee, kibofu kina saratani. Lazima kitoke chote. Sasa kikitoka, mkojo upite wapi? Figo hazitaacha kazi kwa sababu sisi tumebomoa tangi."

"Hilo naelewa," alisema Huseni.

"Tunachukua kipande cha utumbo wako mwembamba, kifupi tu. Uliobaki tunauunga, unaendelea na kazi yake ya chakula. Kile kipande ndicho kinakuwa njia. Upande mmoja tunaunganisha mirija miwili inayotoka kwenye figo. Upande wa pili tunautokeza hapa, kulia kwa kitovu. Hapo unavaa mfuko."

"Mfuko wa nje?"

"Shati linaufunika."

Huseni alijitazama tumbo, tumbo ambalo mji mzima ulilijua kwa jinsi lilivyotangulia kaunta, akatikisa kichwa. Halafu akauliza swali la mtu anayeuza mabomba. "Na mkojo ukirudi juu?"

Daktari alifurahi waziwazi. Wagonjwa wake wengi waliulizia mfuko, wakauliza kama watazaa, wakauliza kama watakufa, lakini hili hakuna aliyekuwa ameliuliza.

"Hapo ndipo kazi ilipo, mzee. Ukirudi, unabeba vijidudu mpaka kwenye figo, na figo zinakufa polepole huku mwenyewe unajiona mzima. Na ya kwako ya kushoto imeshaanza kuvimba. Kwa hiyo ile mirija hatuishonei hivihivi. Kila mmoja tunaulaza kwanza ndani ya ukuta wa utumbo, chini ya ngozi yake ya ndani, kama kamba ya suruali ndani ya upindo, ndipo unatokeza. Utumbo ukijaa, unaulalia ule mrija unaufunga. Mkojo unashuka, haupandi."

"Ina waranti?"

"Ikishonwa vizuri, na wewe ukijitunza, inadumu."

Maneno hayohayo Huseni alikuwa anawaambia wateja kuhusu zile koki zake za bei nafuu, na alijua vizuri yana uzito gani. Hata hivyo alikubali, kwa sababu Zaitun alikuwa amesimama miguuni pa kitanda na amemkazia macho.

*

Aliyeanzisha yote alikuwa Amin.

Amin alikuwa mdogo wake Huseni, baba mmoja mama mmoja, ingawa waliachana sana kwa umri. Aliishi nyumbani kwa kaka yake na ndiye aliyesimamia Fuso. Jumanne mchana alikuwa kwa Isdori. Isdori ana bucha la nguruwe huko Chanji, nyuma ya bucha kuna jiko, na mbele ya jiko kuna mabenchi. Kinacholiwa pale kwa ndizi na pilipili wenyewe wanakiita mbuzi katoliki. Amin alijifunza kukila safarini, kwa madereva, akakipenda kwa moyo wote, na kila Ijumaa alikitubia kwa moyo huohuo. Siku zote alikaa kwenye benchi linalotazama ukuta.

Alikuwa anakaribia kumaliza sahani yake aliposikia sauti anayoijua. Ilikuwa ya Sista Bertilla, nesi wa wodi ya kaka yake, amekuja na ndoo yenye mfuniko.

"Isdori, nipatie utumbo mwembamba, mrefu, usichanwe. Usinipe wenye mafuta."

"Leo mnapika huko, Sista?"

"Nani apike! Wa Dokta Baltazari huu. Anawafundisha madaktari wetu vijana kushona ile njia ya mkojo, ile isiyorudisha nyuma. Wanajifunzia kwenye huu kwanza, ndiyo waje kwa mtu. Na kesho niwekee mwingine, maana vijana wenyewe mikono mizito."

Amin alisikia kila neno, kichwa kimeinama mpaka pua inakaribia pilipili. Hakugeuka mpaka ndoo ilipoondoka.

Jioni, kwenye maegesho ya malori, mshikaji wake alimuuliza, "Vipi, bro anaendeleaje?" Amin alikuwa na hofu ya kweli juu ya kaka yake, na mtu mwenye hofu hupenda kusema jambo zito. Akasema hospitalini wananunua utumbo wa nguruwe kwa ajili ya ule upasuaji wa mkojo. "We! Umejuaje?" Amin akajibu kwamba amesikia tu. Ile sehemu ya madaktari vijana kujifunzia aliiacha, kwa sababu kuisimulia kulihitaji nesi, na nesi alihitaji ndoo, na ndoo ilihitaji bucha, na bucha lilihitaji benchi linalotazama ukuta.

Kufikia sala ya magharibi utumbo ulikuwa umeshakatwa na kupimwa kwa urefu wa Huseni. Kufikia isha, kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mpwa mmoja aliyeko Kabwe alikuwa ameweka picha ya nguruwe na vikatuni vitatu vinavyolia.

*

Jumatano, saa ya kuona wagonjwa, aliingia dada yao mkubwa, Sauda, amebeba kanzu ya Huseni iliyopigwa pasi.

"Vaa. Tunaondoka."

"Naondoka kwenda wapi, dada? Kesho napasuliwa."

"Ndiyo maana tunaondoka leo."

Nyuma yake walikuja Shehe, mtu mpole mwenye kikohozi kisichoisha, na Mzee Fahadi mwenye mabasi. Mzee Fahadi alikuwa na sababu yake ya kuja. Binti yake Hasna alikuwa ameposwa na Amin, na harusi ingekuwa baada ya mavuno, kwa hiyo chochote ambacho kingeingia tumboni kwa Huseni kingeingia, kwa namna fulani, kwenye ukoo wake pia. Zaitun aliwatafutia viti. Vilikuwa viwili tu, na yeye akabaki amesimama.

Sauda aliieleza habari yote, na alipofika kwenye neno lenyewe alishusha sauti, hivyo wodi nzima ikatega sikio. Huseni alibadilika rangi.

"Kwanza tuulize kama ni kweli," alisema Shehe. "Na hata ingekuwa kweli, mtu akikosa kingine na roho yake iko hatarini, dini haikumfungia mlango."

"Shehe, wewe ni mpole mno," alisema Sauda.

"Mimi sisemi kitu," alisema Mzee Fahadi. "Si mahali pangu. Nawaza tu, mteja akija dukani akampa mkono, moyoni atakuwa anawaza nini? Na kwenye sinia la harusi, nani atakaa naye? Lakini mimi sisemi kitu." Aliendelea kutosema kitu kwa muda mrefu.

Itakuwa uongo kusema kwamba Huseni alikuwa anamwogopa Mungu saa ile. Mara ya mwisho kuonekana msikitini alfajiri hakuna aliyeikumbuka, hata yeye. Alichokiogopa ni lile baraza la mbele ya ofisi ya Mzee Fahadi, ambako kila jioni wanaume wenye mali walikunywa kahawa na kumjadili asiyekuwepo.

"Kesho asubuhi natoka," alisema.

"Utoke uende wapi?" aliuliza Zaitun.

"Nyumbani."

"Ukafanye nini?"

Wote walijua angekwenda kufanya nini, na walikuwa wastaarabu mno kulitaja.

*

Zaitun alimtafuta daktari, akamkuta kwenye chumba kidogo nyuma ya chumba cha upasuaji, na madaktari wawili vijana wameinamia sinia la chuma. Kwenye sinia kulikuwa na utumbo, sindano, nyuzi, na maji yaliyotiwa rangi ya buluu. Aliutazama kwa muda bila kusalimia.

"Ndio huu?"

"Ndio huu nini, mama?"

"Wa nguruwe. Wa mume wangu."

Daktari alicheka, kisha akauona uso wake, akaacha. Alimweleza. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu anayeipenda kazi yake kupita kiasi, akamwonyesha. Alimimina maji ya buluu kwenye kijirija kilichoshonewa utumboni, yakashuka. Akaufunga utumbo kwa vidole, akaubinya. Kwenye kazi ya kijana wa kwanza kijirija kilibaki kikavu. Kwenye kazi ya wa pili maji yalipanda yakamrukia kwenye koti jeupe.

"Huyu ataurudia," alisema daktari. "Ndiyo maana tunatumia huu. Wa mume wako, mama, uko tumboni mwake sasa hivi, na humo ndimo utakamobaki. Kesho nashona mimi mwenyewe."

"Na huu unaenda wapi?"

"Shimoni, unachomwa."

"Basi njoo uwaambie hivyo hivyo."

Daktari alikuja, akawaambia, na aliongea vizuri. Sauda alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Daktari, samahani baba, wewe nyama ile unakula?"

"Nakula, mama."

"Basi," alisema Sauda, akageukia dirishani kama hakimu aliyemaliza kesi. Sista Bertilla, aliyekuja kubadilisha dripu, alijitolea kuapa kwa Bikira Maria kwamba daktari anasema kweli, na kiapo hicho kiliharibu hata kile kidogo kilichokuwa kimejengeka.

"Hawa ni watu wema," alisema Huseni kwa unyonge. "Lakini ni wao kwa wao. Nipeni Mwislamu mmoja, mmoja tu, aliyesikia kwa masikio yake kwamba ule ni wa kujifunzia. Nitalala hapa na kesho watanipasua." Mabomba yake alikuwa ananunua kwa mtu yeyote bila kuuliza anasali wapi, lakini kwenye jambo hili alikuwa ameamua kuwa mchaguzi.

Daktari alisema yeye hampasui mtu asiyetaka, na kwamba Jumamosi wanaondoka. Akaenda zake.

Amin alikuwa amesimama mlangoni na chupa ya uji. Zaitun alimwona anavyomeza mate.

*

Zaitun alimfuata Amin nje, kwenye bomba ambapo ndugu wa wagonjwa huoshea vyombo. Upepo wa uwandani ulikuwa unawapeperushia maji miguuni.

"Shemeji, habari hizi zilianza kwa nani?"

"Watu tu, shemeji. Si unajua mji huu."

"Watu gani?"

"Watu."

Zaitun alisuuza kikombe ambacho kilikuwa kisafi. "Mimi ndiye ninayefua mashati yako," alisema. "Moshi wa kwa Isdori naujua, na mafuta yale nayajua, maji baridi hayayatoi. Kaka yako sijamwambia hata siku moja. Na nisingemwambia."

Amin alishika ukingo wa karo. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Baadaye kidogo akamsimulia yote, nesi na ndoo na kila neno, haraka haraka.

"Kumbe ulisikia kwamba ni wa kujifunzia."

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza."

"Shemeji, Mzee Fahadi yuko mle ndani."

"Nimemwona, nimempa kiti."

"Hasna je?"

"Hasna yuko hai," alisema Zaitun, na sasa sauti yake ilikatika kwa hasira na kwa hofu aliyokuwa ameibana tangu lile shuka. "Mwaka kesho atakuwa hai. Kaka yako je, akitoka hapa bila kupasuliwa?"

Amin aliiacha chupa ya uji juu ya karo, akarudi ndani.

*

"Mimi nilisikia," alisema, kabla hajafika kitandani, kwa sababu alijijua kwamba akifika atageuza maneno. "Kaka, nilimsikia Sista kwa masikio yangu. Alisema utumbo ni wa madaktari vijana kujifunzia kushona. Hauwekwi kwa mtu."

"Ulimsikia wapi?" aliuliza Sauda.

"Kwa Isdori."

"Isdori yupi?"

Lilikuwa swali la heshima tu. Sumbawanga ina akina Isdori wengi, lakini jina likitajwa hivyo, bila ubini, bucha lilikuwa moja.

Shehe alikohoa. Alikuwa mtu mwema na alimpenda kijana huyu. "Bila shaka alikuwa anapita njia," alisema.

"Ndiyo hivyo!" alidaka Mzee Fahadi, kwa haraka ya baba aliyeshaagiza ng'ombe wa harusi. "Barabarani mtu anasikia mengi. Alikuwa anapita."

Mlango ulikuwa wazi mbele ya Amin, mpana, na watu wawili wenye heshima wameushikilia. Alihitaji kusema ndiyo tu.

"Kama ulikuwa unapita," alisema Huseni polepole kutoka kwenye mto, "basi hukusikia vizuri. Mtu anayepita anadaka nusu neno. Hilo halinisaidii."

Amin alimtazama kaka yake. Mashavu yalikuwa yameingia ndani na macho yalikuwa na umanjano, na alivyoyaona macho yale akajua kwamba anampenda kuliko alivyowahi kujua.

"Sikuwa napita," alisema. "Nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nakula."

Mgonjwa wa kitanda cha jirani, aliyekuwa anaugua kwa sauti tangu asubuhi, aliacha kuugua ili asikie vizuri.

"Tangu lini?" aliuliza Huseni.

"Siku nyingi, kaka."

"Na hayo maneno, ya kujifunzia, ulisikia yote?"

"Yote. Akasema na kesho atachukua mwingine, vijana wana mikono mizito."

Huseni alifumba macho. Miaka thelathini kwenye kaunta ilikuwa imemfundisha uongo wa kila aina, wa kupunguza bei, wa kuomba mkopo, wa kukwepa kodi. Huu wa mtu kujivua nguo mbele ya mkwe hakuwahi kuuona, kwa sababu hauna faida kwa anayeusema.

"Mwiteni daktari," alisema. "Nawe Sauda, dada yangu, irudishe hiyo kanzu nyumbani, itakunjamana."

Mzee Fahadi alisimama, akajikung'uta kanzu. "Mimi sisemi kitu," alisema, na safari hii kweli hakusema.

*

Upasuaji ulichukua karibu siku nzima. Kabla ya kuondoka Jumamosi, Dk. Baltazari alikuja kuutazama mfuko, akautazama tena kwenye mwanga wa dirisha, akatangaza kwamba figo zote mbili zinashusha na hakuna kinachopanda. Alikuwa na furaha kuliko mgonjwa.

Posa ilirudishwa bila maneno makali. Vitenge, mkeka na sanduku vililetwa kwenye basi la Mzee Fahadi mwenyewe, na kondakta akasaidia kushusha.

Huseni aliporuhusiwa kurudi nyumbani watu walifurika kumpa pole. Wale walioogopa nguruwe, nguruwe alipokosekana, waliuogopa mfuko. Walikaa sebuleni karibu na mlango, wakamsifu Mungu, wakaulizia kama harufu ipo, wakasema haipo, wakavuta viti nyuma kidogo. Shehe peke yake ndiye aliyekaa mkekani karibu naye, akamwambia kila sala ikiingia atawadhe, asali, mfuko usimzuie. Na Huseni, ambaye alipokuwa mzima hakuwa na haraka na sala, alizisali zote tano, pengine kwa sababu sasa kulikuwa na watu waliodhani hawezi.

Jumapili moja mchana Sauda aliwapakulia wageni wali kwenye sinia kubwa la sebuleni. Halafu akachukua sahani mbili za bati alizozinunua yeye mwenyewe, akazipakulia, akaenda nazo chumba cha ndani, ambako Huseni alikuwa ameegemea mito na Amin amekaa sakafuni, kwa kuwa sebuleni hakuna aliyemsogelea.

"Hii ni ya mgonjwa," alisema, akaiweka. "Na hii ni ya huyu. Zitakuwa na rafu yao. Ni usafi tu, msinielewe vibaya."

Alipogeuka, Huseni aliinua sahani yake, taratibu kwa sababu ya nyuzi, akaumwaga wali wake wote juu ya wali wa Amin, akamrudishia Sauda ile tupu.

"Sogea."

"Kaka, dada amesema..."

"Alichosema nimekisikia, na sebule imekisikia. Sogea, siwezi kuinama."

Amin alisogea. Huseni alinawa, akamega, akala. Amin alinyoosha mkono mpaka katikati ya sahani, ukakwama hapo, akalia, mtu mzima yule, kwa sauti, hata wageni sebuleni wakasikia.

"Kula, wali unapoa," alisema Huseni. Akachambua mchuzi kwa kidole. "Nyama hii ni ya nini?"

"Ng'ombe, kaka."

"Umenunua wewe?"

"Mimi."

"Una hakika?"

Amin aliinua uso uliolowa, akaona kaka yake anavyojishika tumbo kwa mikono miwili, mwili unamtikisika, anajaribu kwa nguvu zake zote asicheke ili asifumue kazi ya daktari. Ikawa mbaya zaidi, maana na yeye alishindwa.

Sauda alikuwa bado mlangoni, ile sahani tupu imebaki mkononi mwake, hajui tena ni ya nani. Zaitun aliipokea, akaenda kuiosha pamoja na nyingine.